Perth Hadi Toronto, Kupitia Kapseret

Mzee Kimeli alikataa posa ya kwanza kwa sababu ya umbali. Alisema wazi, mbele ya mkewe Esther na mdogo wake Kimutai, kwamba binti yake Linah hataolewa Tongaren. Tongaren ni mbali, alisema, na msichana akiolewa mbali, siku akipata shida hakuna wa kumsikia. Wakati akisema hayo, Linah alikuwa Perth, Australia, mwaka wa nne sasa, akifanya kazi ya unesi katika makao ya wazee.

Hakuna aliyecheka. Kwa Mzee Kimeli, Perth haikuwa mbali. Perth ilikuwa kazini, na mtu akienda kazini hurudi. Tongaren ndiko kulikokuwa mbali, kwa kuwa mtu akiolewa huko, huko ndiko atakakozikwa.

Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Kapseret, na shamba lake lilikuwa karibu sana na uwanja wa ndege wa Eldoret, hata ng'ombe wake walikuwa wameacha kuinua vichwa ndege zikitua. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Alizijua kwa upande wa chini tu, kama fundi anavyolijua gari, na alikuwa na mazoea ya kuwaambia wageni ni ipi inayohitaji kupakwa rangi.

Kijana aliyeposa aliitwa Tyson. Baba yake, Mzee Lusweti, alikuwa karani katika ghala la mahindi mjini Eldoret, na mama yake, Nabalayo, aliuza vitambaa vya pazia sokoni. Walikuwa wamekaa mtaa wa Langas, hapohapo mjini, tangu kabla ya kumzaa Tyson. Tongaren walienda kwa mazishi na kwa Krismasi. Lakini mtu wa kwetu akiulizwa ametoka wapi, hataji pale anapolala, hutaja pale alipozikwa babu yake. Kwa hiyo mshenga alipoulizwa, alisema Tongaren, na mambo yakaishia hapo.

Tyson na Linah walikuwa wamejuana chuoni, hapa Eldoret. Linah ndiye aliyetangulia kusafiri. Tyson alijaribu kumfuata akanyimwa visa, akajaribu Canada kwa hasira, akapewa. Waliahidiana kwa simu kwamba watatengana kwa muda mfupi tu, kisha mmoja atamfuata mwenzake. Tyson akafika Toronto, akaanza kwa kuosha vyombo, baadaye akasomea udereva wa malori makubwa.

Walipendana kwa simu. Kati ya miji yao kulikuwa na tofauti ya saa kumi na mbili kamili, angalau wakati wa kiangazi cha Canada, na kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili jambo hilo lina utamu wake. Tyson akisema ni saa mbili, kwa Linah pia ilikuwa saa mbili, ila moja ya asubuhi na nyingine ya usiku. Mmoja alikuwa akinywa chai na mwenzake akila ugali wa jioni. Walilichukulia kuwa ishara. Linah aliwaambia rafiki zake kwamba yeye na Tyson wako saa ileile moja kila wakati, na rafiki zake Waaustralia hawakuelewa anasema nini.

Posa ilipokataliwa, Mzee Lusweti hakutuma mshenga wa pili. Alipanda boda boda pale Langas, na baada ya robo saa akashuka kwenye lango la Mzee Kimeli. Alikuta mwenyeji wake akitengeneza kihori cha ng'ombe. Akajitambulisha. Mzee Kimeli alimtazama kwa muda, akamuuliza ametoka huko kwao saa ngapi.

"Sasa hivi," akasema Mzee Lusweti. "Hata chai niliyoacha mezani bado ina joto."

"Nilidhani mnatoka Tongaren."

"Tongaren mimi ni mgeni, Mzee. Hata mbwa wa huko wananibwekea."

Mzee Kimeli akaweka nyundo chini. Waligundua kwamba walikuwa wameonana miaka mingi bila kujuana majina, mmoja akileta magunia ghalani, mwingine akiyapokea dirishani. Wakakumbushana mwaka ambao mvua iliharibu mahindi yakiwa bado shambani. Esther alipoleta maziwa, wazee hao wawili walikuwa tayari wanaisema serikali, na mtu akishafika hapo na mwenzake, kumkatalia jambo huwa kazi ngumu. Mzee Lusweti alipoondoka jioni, siku ya koito, ile sherehe ya kuposa na kukubaliana mahari, ilikuwa imepangwa.

Siku hiyo ilikuwa ya Agosti. Sebule ya Mzee Kimeli ilijaa wazee wa pande zote mbili, isipokuwa maharusi wenyewe. Walikuwepo kwa simu. Simu mbili ziliwekwa mezani zikiegemea thamosi ya chai, moja ikiwa na uso wa Linah akiwa kitandani kwake Perth, saa tatu usiku, na nyingine ikiwa na uso wa Tyson ndani ya lori lake Toronto, saa tatu asubuhi. Kimutai aliona si vizuri wachumba watazame wazee tu, akazigeuza simu zielekeane waonane. Zikapiga kelele kali, mbwa wakabweka nje, na ikabidi zirudishwe zilipokuwa.

Kwa desturi, msichana huulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Linah akaulizwa. Uso wake ukabaki kimya, macho yamefunguka, mdomo umefungwa. Wazee wakangoja. Esther alianza kukunja kona ya leso yake. Mzee mmoja kutoka Tongaren alikuwa ameshaanza kutafuta fimbo yake chini ya kiti, ndipo sauti ya Linah ikafika kutoka Australia ikisema ndiyo, nawafahamu. Uso ukasonga baadaye.

Jambo la umbali likarudi, kwa kuwa Kimutai alikuwa mtu wa kutaka kujua. Alimuuliza Tyson ni mwendo gani kutoka kwake hadi kwa Linah. Tyson akamjibu kwamba ndege ya moja kwa moja haipo. Ukipima kwa mstari mmoja angani, ni zaidi kidogo ya kilomita elfu kumi na nane, lakini mtu hubadilisha ndege mara moja au mbili, na pamoja na kungojea viwanjani, safari humaliza siku nzima na kuanza kuila nyingine.

"Na kuna miji iliyo mbali kuliko hapo?" Kimutai akauliza.

Tyson akasema ipo michache, lakini dunia ni mviringo, na mwisho wa umbali ni kama elfu ishirini. Ukipita hapo unaanza kukaribia.

Wazee walilipenda jibu hilo. Mzee Kimeli akasema kwamba basi watoto hawa wamekaribia kumaliza umbali wote uliopo duniani, na kuanzia hapa hawana la kufanya ila kukaribiana. Watu wakapiga makofi. Mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, ikapitishwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikusemwa siku hiyo. Linah alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba baada ya harusi Tyson atahamia Perth. Tyson alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba baada ya harusi Linah atahamia Toronto. Wala hawakuwa wakidanganya. Kila mmoja aliamini hivyo, kwa namna mtu anavyoamini jambo ambalo hajaliuliza. Mzee Kimeli hakulitaja mbele ya watu kwa sababu alimhurumia Mzee Lusweti: si jambo dogo mwanao wa kiume kumfuata mwanamke kwake. Mzee Lusweti naye hakulitaja kwa sababu alimhurumia Mzee Kimeli: mwenye binti hupokonywa, na mtu mwenye adabu hamkumbushi. Kwa hiyo siku ile kila mzee alimtendea mwenzake kwa upole wa ajabu. Walijaziana vikombe. Walisifiana watoto. Watu waliokuwepo walisema hawajawahi kuona koito ya amani kama ile, tena ya makabila mawili.

Mzee Lusweti hakungoja harusi. Wiki hiyohiyo alileta mitamba miwili ya kutanguliza, mmoja ukiwa na mimba, na Mzee Kimeli akaifungia pamoja na ng'ombe wake.

Harusi iliwekwa Desemba. Linah alifika kwanza, Tyson siku iliyofuata, kila mmoja kwa njia yake. Ndege zao zilipita Nairobi, na kutoka Nairobi wakashuka Eldoret, karibu juu ya paa la Mzee Kimeli. Tyson alipofika, Linah alikuwa uwanjani kumpokea. Wote wawili walikuwa na maua. Walikumbatiana wakaulizana safari ilikuwaje, na wote wakasema ndefu. Nabalayo alilia. Halafu kila mtu akaenda kwao kupumzika.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na mwanzoni ilionekana ni shida ya kuchekesha. Miili yao ilikuwa haijafika. Ikifika saa kumi na moja jioni, Linah alikuwa hawezi kushikilia macho, kwa sababu Perth ilikuwa usiku. Alilala kitini, kijiko mkononi, na kuamka kabla ya jogoo. Tyson alikuwa kinyume. Jua likichomoza Langas ndipo usingizi ulipomwangusha, na hakuamka mpaka alasiri. Walikuwa wamesafiri dunia nzima kuja kukutana, sasa walikuwa mwendo wa robo saa wa boda boda, na bado mmoja alikuwa mchana na mwingine usiku.

Linah alikuwa akifika Langas asubuhi na mapema. Anamkuta Nabalayo akichambua mboga, na Tyson akikoroma nyuma ya pazia. Basi anaketi. Alimsaidia Nabalayo kufunga mizigo ya vitambaa, akaenda naye sokoni, akajifunza kukata kitambaa bila kukipinda. Nabalayo alimweleza jinsi alivyokuja Eldoret akiwa msichana, na kile alichokiogopa zaidi, ambacho kilikuwa baridi. Linah alimwambia mambo ya wale wazee anaowahudumia Perth, kwamba wengine watoto wao wako mtaa wa pili na hawaji. Saa sita akaaga, Tyson hajaamka.

Jioni Tyson naye alifika Kapseret, ameoga, amenukia, na kumkuta Linah amelala na mdomo wazi. Alikuwa akimfunika shuka, kisha anatoka nje kwa Mzee Kimeli. Mzee alimpa kamba ya ng'ombe ashike. Alimfundisha kukamua, na ingawa kijana alikuwa mbaya katika kazi hiyo, hakuacha. Waliongea habari za malori. Mzee Kimeli alitaka kujua mtu anawezaje kuendesha siku tatu katika nchi moja asifike mwisho wake, na theluji ni nzito kiasi gani, na kama mtu akiwa peke yake huko barabarani huwa anaongea. Tyson akasema huwa anaongea. Mzee hakuuliza anaongea na nani.

Hivyo ikawa kwamba kabla wiki haijakwisha, Linah alimjua mama mkwe wake vizuri kuliko wanawake wengi waliokaa kwenye ndoa miaka kumi wanavyomjua wa kwao, na Tyson alikuwa anajua hata jinsi mkwe wake alivyopenda kukunja kofia. Wao kwa wao walikuwa wamepata saa moja hivi ya kila jioni, Tyson akipiga miayo ya kuamka na Linah ya kulala.

Mchungaji wao, Pasta Kituyi wa Langas, alisisitiza kwamba hafungishi ndoa bila mafundisho. Akawaita katika ofisi ya kanisa saa kumi jioni, saa ile ile moja waliyokuwa nayo, na akaomba wazazi nao wawepo. Kimutai alikuja bila kuombwa. Pasta alikuwa na maswali aliyowauliza maharusi wote, na alikuwa ameyauliza kwa miaka mingi hata hakuhitaji kufikiri. Je, mnaomba pamoja. Je, mmepima damu. Je, mtakapokosana mtamwendea nani. Walijibu vizuri. Linah alikuwa amejishikiza kwenye meza asisinzie.

"Na mtaishi wapi?" akauliza Pasta, macho yake yakiwa tayari yameshatangulia kwenye swali lingine.

"Toronto," akasema Tyson.

"Perth," akasema Linah.

Walisema kwa pamoja, kwa utulivu, kama watu wanaotaja mahali pamoja. Ilichukua muda kabla hawajageuka kutazamana. Pasta Kituyi alivua miwani yake.

"Uliniambia utakuja," Linah akasema.

"Nilikuambia nitakuja kukuona."

"Kuniona?"

"Linah, kila mara ulikuwa unaniambia umechoka na hiyo kazi. Nilidhani unangoja tufunge ndoa uiache."

"Kila mtu anachoka na kazi. Nilifanya mitihani miaka miwili ndio wanikubali kuwa nesi kule. Nikienda kwako nianze tena moja?"

"Na mimi nimenunua lori," Tyson akasema. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri ugonjwa. "Lori haliendi Perth."

Mzee Lusweti alimtazama Mzee Kimeli, akaona kwamba Mzee Kimeli naye anamtazama, na katika kutazamana huko wote wawili wakaelewa maana ya upole ule wa Agosti. Nabalayo alifunika uso kwa mikono. Kimutai ndiye aliyejaribu kuokoa mambo. Aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama hawawezi kukutana katikati, kila mmoja aache kidogo. Katikati ya Perth na Toronto ni wapi?

Tyson alifikiri. Alikuwa amewahi kuliangalia jambo hilo kwenye simu, usiku mmoja barabarani, akiwa na upweke. "Ni baharini," akasema. "Ukipima sawasawa, katikati ni maji matupu. Bahari ya Pasifiki."

"Si mkae hapa, basi," akasema Esther.

Alikuwa hajasema kitu tangu aingie. Alisema kwa urahisi, kama mtu anayewaambia wageni kwamba mvua inakuja na wangoje kidogo. Linah akamtazama mama yake, akamtazama Tyson, na wote wawili wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Linah akashika tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu washuke kwenye ndege. Kwa miaka minne walikuwa wamepima kila njia, huyu kwenda kwa yule, yule kwenda kwa huyu, na kati ya miji yote duniani, ule mmoja wanaoupenda wote wawili hawakuwahi kuufikiria hata kwa mzaha. Esther hakucheka. Alingoja wamalize. Walipomaliza, walikuwa wanafuta machozi, na haikujulikana vizuri ni ya aina gani.

Pasta aliomba, akasema harusi iahirishwe kwa muda. Watu wa Langas hawakuhitaji kufafanuliwa muda huo ni upi.

Tyson na Linah walizungumza peke yao siku mbili zilizofuata, wakitembea kwenye njia ya mashamba kando ya ua wa uwanja wa ndege. Kile walichoambiana hakikujulikana chote. Linah alimweleza mama yake kwamba hawakugombana, na kwamba hilo ndilo lililomwogopesha: kama wangekuwa na hamu ya kweli ya kuishi pamoja, mmoja wao angepiga kelele. Walichokipenda, alisema, ni kuwa na mtu wa kumpigia simu. Hata sasa alikuwa akimpenda mtu yule wa simu. Huyu aliyekuja kwa ndege alikuwa mtu mzuri sana, lakini Linah hakuwa na hakika kama ni yule.

Harusi ilipovunjika hivyo, kwa wazee mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa watoto wanaweza kurudi walikotoka, na wazee ndio watabaki wakiulizwa sokoni. Mzee Lusweti alikuja Kapseret kuomba radhi. Hakufika mbali na maneno yake.

"Kwa nini hukuniambia siku ile kwamba mnamngoja Tyson ahamie kwa binti yako?" akauliza katikati.

"Nilikuonea aibu," akasema Mzee Kimeli. "Nilisema, huyu mzee mwanawe anaolewa, na bado anakunywa chai na watu kwa furaha. Nikasema ana moyo."

"Mimi nilikuwa nakuonea huruma wewe. Nilikuwa nasema, huyu tunampokonya mtoto na anatujazia kikombe."

Mzee Kimeli akaanza kutikisika mabega, na Mzee Lusweti akafuata. Esther, aliyekuwa jikoni akijiandaa kwa maneno mazito, aliwasikia wakicheka kama vijana walioiba miwa, akarudisha sufuria mekoni.

Likabaki suala la mitamba. Desturi ilitaka irudishwe, na Mzee Kimeli hakuwa mtu wa kula kisicho chake. Lakini kule Langas, Mzee Lusweti alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na kamba ya kuanikia nguo. Angeifunga wapi? Tongaren hakukuwa na mtu wa kuichunga. Wakakubaliana ikae Kapseret hadi atakapopata mahali. Ule wenye mimba ukazaa ndama jike mwezi wa Januari. Mzee Lusweti akawa anakuja Jumapili baada ya ibada kuangalia mali yake, anakaa mpaka giza linaingia, na hakuonekana akitafuta mahali kwa bidii.

Watoto waliondoka siku moja. Tiketi zao za kutoka Eldoret hadi Nairobi zilikuwa zimekatwa pamoja wakati bado kuna harusi, viti viwili vya jirani, na hakuna aliyefikiri kuzibadilisha. Miili yao ilikuwa imeshaizoea saa ya hapa. Wote wawili walikuwa macho. Linah alisimulia baadaye kwamba safari ile haikumaliza hata saa moja, na waliongea ndani yake zaidi kuliko mwezi mzima uliotangulia. Nairobi wakakumbatiana, mmoja akaenda lango hili, mwingine lile.

Mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeanza, Mzee Kimeli aliteleza kwenye zizi akavunjika nyonga. Esther alipiga namba ya kwanza aliyoiona kwenye orodha ya simu yake, na ilikuwa ya Mzee Lusweti. Alikuja na pikapu ya jirani, wakamlaza mgonjwa nyuma juu ya godoro, Mzee Lusweti akiwa amepiga magoti kando yake, amemshika kichwa kisigonge. Walimpeleka hospitali ya misheni Plateau. Kimutai alifika baadaye kutoka kwake Cheptiret, amelowa, akakuta shughuli zote zimekwisha kufanywa. Nesi alipouliza huyu aliyemleta ni nani wa mgonjwa, Mzee Lusweti alisema ni mkwe wake. Kimutai alifungua mdomo, akatafakari, akaufunga.

Linah alipata habari kutoka kwa Tyson. Katika ile haraka, Mzee Lusweti alikuwa hana namba ya Perth, akampigia mwanawe Toronto ampigie. Kwa hiyo habari ya mtu aliyeanguka Kapseret ilipitia Canada ndipo ikafika Australia. Tyson alikaa naye kwenye simu mpaka akaacha kulia. Ndiyo, bado walikuwa wakiongea, ila si kila siku, na sasa walikuwa wakisema ukweli zaidi.

Kesho yake, baada ya upasuaji, Linah alipiga simu ya mama yake, iliyokuwa wodini. Baba yake alikuwa amelala, na mama yake alikuwa ametoka kwenda kunawa, kwa hiyo Mzee Lusweti ndiye aliyepokea. Alimwonyesha mgonjwa kwa video. Linah akamwambia ameshatafuta ndege. Akitoka usiku huo angengojea Doha nusu siku, halafu Nairobi, halafu asubuhi inayofuata ndio aingie Eldoret. Kazini walikuwa wamesita kumpa likizo, lakini angewaachia kazi yao.

"Baba Tyson," akasema, "niambie ukweli. Nikuje?"

Mzee Lusweti alimtazama Mzee Kimeli, ambaye alikuwa akilala kwa uso wa kukasirika, kama mtu anayedaiwa usingizi. Nabalayo alikuwa amelala kwa dada yake hapo Plateau ili awahi kuleta uji asubuhi. Ng'ombe walikuwa wamekamuliwa na Mzee Lusweti mwenyewe, kwa shida, wote, wake na wa mwenzake.

"Ukitaka kuja, kuja," akasema. "Hapa ni kwenu. Lakini ukitoka sasa hivi utafika kesho kutwa, na hakutakuwa na kitu cha wewe kufanya. Njoo akianza kutembea, umshike mkono. Kwa sasa sisi tuko karibu."

Simu ikanyamaza, na alidhani ni ile kawaida yake ya kuchelewa. Akangoja. Kisha akaona mabega ya Linah yakishuka.

"Asante, Baba," akasema.

Aliahidi kuja Juni. Mzee Lusweti alizima simu, akaiweka kwenye dirisha, na akatoka kwenda kumtafuta Esther, kwa sababu daktari alikuwa akipita na yeye hakujua majina ya dawa anazotumia Mzee Kimeli nyumbani.